Mbwa wa Mahameli

Fundi cherehani wa kibaraza cha mbele alikuwa na wimbo mmoja tu, nao hata wimbo haukuwa. Kila alipomaliza kukata nguo ya mteja, kabla hajavikunja vipande na kuvifunga kwa ukanda wa kitambaa hichohicho, aliviita kwa sauti kimoja kimoja: "Mbele, nyuma, mkono, mkono, kola." Ikiwa suruali: "Mbele, mbele, nyuma, nyuma, kiuno, mfuko, mfuko." Furushi likishaitwa, ndipo linatundikwa kwenye msumari ukutani kusubiri zamu yake. Ndivyo alivyofundishwa na shangazi yake aliyemlea, mwanamke mkali kwenye mkasi na mpole kwenye mengine yote. Shangazi alikuwa akimwambia, "Viite, mwanangu. Kitambaa hakina mdomo wa kusema nimesahaulika."

Watu walimwita Mama Tone. Tone alikuwa binti yake wa pekee. Alizaliwa kadogo, na baba yake alipompokea mikononi mara ya kwanza alisema, "Jamani, huyu si mtoto, huyu ni tone," na jina likaganda hapohapo. Baba Tone alikuwa dereva wa lori la saruji, mtu wa safari. Kila akirudi alikuta mtoto ameongezeka kidogo kwa urefu na mke ameongezeka sana kwa maneno, maana yalikuwa yamelimbikizwa yakimngoja yeye.

Walihamia nyumba ile kwa ajili ya kibaraza. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, kipo uani, na kitanda kikiingia, watu wanaomba ruhusa. Lakini kibaraza kilitazama njia, kilikuwa na paa zuri, na mwanga wake ulifaa kwa kutunga uzi kwenye sindano bila kukunja uso. Mwisho mmoja wa kibaraza walikaa Mama Tone na cherehani yake ya kukanyaga. Mwisho wa pili alikaa fundi viatu na misumari yake mdomoni. Fundi viatu alimwita Mama Tone shemeji, ingawa hawakuwa na undugu wowote, na alikuwa mtu wa kucheka kwanza, mzaha akautafuta baadaye.

Kule walikotoka, Tone alikuwa na binamu wawili wa rika lake, na wakiwa pamoja ungedhani kuna shule nzima ndani ya nyumba. Hapa hakuwa na mtu. Watoto wa uani walikuwa wengi na walikuwa na makelele yao, lakini walishazoeana tangu wanatambaa. Mwanzoni walimwita. Tone alikuwa akijificha nyuma ya sketi ya mama yake. Wakamwita tena, kisha wakachoka, kama watoto wanavyochoka, bila chuki. Akabaki kukaa kwenye ngazi ya kibaraza akipanga vifungo kwa rangi. Alikuwa akiongea na mama yake tu, tena sikioni.

"Shemeji," fundi viatu aliuliza siku moja, "huyu mtoto ulimi anao kweli, au mliusahau kwenye lori la kuhamia?"

"Anao," Mama Tone akajibu. "Njoo usikilize tukishafunga mlango. Utatafuta pamba."

Alijibu kwa kicheko, lakini jambo lenyewe lilimkaa rohoni. Aliwahi kuona mpira wa watoto ukibingirika hadi kwenye miguu ya Tone. Watoto wote wakasimama wakimtazama. Tone akausukuma urudi kwa kidole gumba cha mguu, bila kuinua uso. Mama Tone akaendelea kushona, na mshono ule alikuja kuufumua wote, maana ulikwenda upogo.

Basi siku ya mvua kubwa, ile ya kuwafanya wapita njia wote wajibanze barazani wakijifanya wana shida na fundi, alikuja mbwa. Hakubisha, hakuomba. Alipita katikati ya miguu ya watu akiwa amelowa chepechepe, akaenda moja kwa moja chini ya meza ya cherehani, akaingia kwenye beseni la mabaki ya vitambaa, akazunguka, akazunguka tena, akajilaza. Alikuwa wa rangi ya kahawia, na kwenye jicho moja alikuwa na doa jeupe kama lililobandikwa.

"Wee! Toka!" alisema Mama Tone. Mbwa akamtazama kwa lile jicho la doa, akashusha pumzi ndefu kama mzee aliyerudi kazini, akalala.

"Huyo ameshapanga, shemeji," fundi viatu akasema. "Mdai kodi."

Tone alikuwa ameshachuchumaa. Alimtazama mbwa kwa muda mrefu. Kisha akasema, wala si sikioni mwa mama yake, akasema wazi kabisa, "Umeshonwa kiraka."

Na Kiraka ndilo likawa jina lake.

Mbwa yule alikuwa na tabia ya ajabu. Cherehani ikilia, analala fofofo. Cherehani ikinyamaza, anainua kichwa na kutazama huku na huku kama mtu aliyezimiwa redio. Mama Tone akisimama kumpima mteja, mtoto anamnong'oneza, "Mama, kanyaga, ataamka." Mara nyingine fundi alijikuta anakanyaga pedali bila uzi wala kitambaa, huku anapokea maelekezo ya mteja, kwa ajili ya usingizi wa mbwa asiye wake. Alijicheka mwenyewe na akaendelea kukanyaga.

Lakini aliona pia jingine, na hili hakulisema kwa mtu. Tone alianza kuongea. Alimsimulia Kiraka habari za binamu zake, za baba na lori, za mjusi wa bafuni anayetoa macho. Alimweleza kifungo kipi ni baba, kipi ni mama. Kiraka alikuwa msikilizaji mzuri. Sikio moja lilisimama, jingine lilianguka, na hakuwahi kumkatiza. Walikwenda pamoja bombani na kurudi pamoja. Tone akikaa ngazini, Kiraka anakaa ngazi ya chini yake ili kichwa chake kifike magotini. Mama Tone alisikiliza huku macho yakiwa kwenye sindano. Kuna siku alimsikia binti yake akicheka kwa sauti, kile kicheko cha kule walikotoka, na ilimbidi ajifanye amechomwa na pini ili apate sababu ya kufuta macho.

Sasa, mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mjane, mnene wa wastani, mwenye kutembea na shada la funguo kiunoni. Ulimsikia kabla hujamwona. Wapangaji walimwita Bibi Funguo, naye alijua, na hakuona ubaya. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda uwanja wake ufagiliwe hadi mistari ya ufagio ionekane, na wanyama hakuwataka. Kuku, hapana. Paka, hapana. Mbwa hata usiulize.

Kiraka angejificha chini ya meza huenda angepona. Lakini asubuhi moja alikwenda mlangoni kwa Bibi Funguo, akachukua kandambili moja, ya njano, akaja nayo kwenye beseni, akailalia. Hakuitafuna. Aliipenda tu. Bibi Funguo akatoka kwenda dukani na mguu mmoja wa njano na mwingine wa bluu, na mtu akamcheka njiani.

Alipofika kibarazani, Mama Tone alikuwa ndio anamaliza kukata gauni lake yeye Bibi Funguo mwenyewe. Lilikuwa gauni la mahameli ya kahawia, mikono mirefu, kitambaa alicholetewa na mwanawe kutoka mbali. Dada yake mkubwa alikuwa anakuja kumtembelea Jumamosi, na huyo dada, kwa maelezo ya Bibi Funguo, alikuwa mtu wa kuingia nyumbani kwako na kukukagua kuanzia kichwani hadi kisiginoni kabla hajaitikia hodi. "Safari hii," alikuwa amesema wakati wa kupimwa, "nataka akose la kusema. Hilo tu. Akose la kusema."

"Kandambili yangu iko wapi?" aliuliza sasa.

Mama Tone akainama, akaitoa chini ya Kiraka, akaipangusa kwa kanga yake. "Samahani sana, bibi. Haijaharibika hata kidogo."

"Haijaharibika, lakini inanuka mbwa. Na hilo beseni linanuka mbwa. Kesho gauni langu litanuka mbwa, dada yangu apate la kusema mwaka mzima. Sikiliza, mwanangu. Mlinzi wa kiwanda cha mbao ng'ambo ya reli anatafuta mbwa wa kufunga getini. Nimeshaongea naye. Atakuja kumchukua Jumamosi asubuhi."

"Kumfunga, bibi? Kwa mnyororo?" Mama Tone akauliza.

"Sasa mbwa anafungwa kwa utepe wa nywele?"

Tone alikuwa ngazini. Alimshika Kiraka shingoni kwa mikono miwili, akaficha uso wake kwenye manyoya.

Mama Tone alitaka kujibu, lakini nyumba ni ya mwenyewe, na kibaraza kama kile hakipatikani kila kona. Alikunja vipande vya mahameli harakaharaka, akavifunga, akatundika furushi kwenye msumari. Wimbo wake aliuimba kwa mdomo tu, kichwa hakikuwepo. "Mbele, nyuma, mkono, kola," alisema. Na hakusikia kwamba mkono mmoja haukuitwa.

Siku ile Tone hakula vizuri. Kesho yake asubuhi alimuuliza mama yake sikioni, kama zamani, "Akifungwa, nani atamsimulia?"

Mama Tone akatafuta cha kufanya kwa mikono. Alichana shuka kuukuu, akakata kurasa, akazishona katikati. Kama mbwa anaondoka, basi picha yake ibaki. Atamtengenezea mtoto kitabu cha vitambaa, kitabu cha kulala nacho, kisichochanika. Penseli hakuwa na mkono nayo, shule aliishia darasa la mwisho la msingi na picha alizochora huko zilichekwa, lakini kwa mkasi angeweza kukukata chochote ulichowahi kuona.

Ukurasa wa kwanza alishona mlango, kwa mabaki ya sare za shule, na mtoto mdogo kaketi ngazini na kifungo kimoja chekundu mkononi. Ukurasa wa pili ilikuwa mvua, nyuzi za fedha kutoka gauni la bibi harusi mmoja. Ilibaki kumshona mbwa. Rangi gani ya kahawia inamfaa? Aliangalia chini ya meza, na pale pembeni ya beseni, chini ya tumbo la Kiraka, akaona ncha ya mahameli imechungulia. Alishukuru. Mabaki ya gauni la Bibi Funguo, akajiambia. Aliinama na mkasi, akavuta kidogo. Kiraka alikuwa amelala upande wa pili wa kitambaa kile, anakoroma, na Mama Tone hakuwa na moyo wa kumwamsha mbwa aliyebakiwa na siku chache za kulala pale. Akakata mbwa palepale kwenye upande uliochungulia: masikio mawili, moja limesimama na jingine limeanguka, mgongo, mkia. Fundi mzima alikata kitambaa bila kukikunjua akakitazama. Shangazi angemnyang'anya mkasi.

Mbwa wa mahameli alitoka mzuri mno. Akamwekea doa jeupe jichoni. Tone alipompapasa kwa kidole, manyoya ya kitambaa yakalala upande mmoja na kuinuka upande mwingine, sawasawa na manyoya ya Kiraka mwenyewe.

"Mwingine," akasema Tone. "Akiwa na kandambili."

Ukapatikana ukurasa wa kandambili, mbwa wake wa kitambaa cha suruali ya kahawia, na ukurasa wa bibi mwenye funguo, funguo zenyewe zikiwa vishikizo vidogo vya chuma vya kufungia magauni. Tone ndiye aliyeelekeza mdomo wa yule bibi ushonwe vipi. Ukurasa wa mwisho ukabaki mweupe. Mama Tone alishika sindano, akaiweka. Angeshona nini? Mnyororo?

Ijumaa akaliteremsha furushi la mahameli kutoka kwenye msumari. Mbele na nyuma vikaungana, kola ikakaa, mkono mmoja ukaingia begani bila kuleta mikunjo, akajisifu kimoyomoyo. Akanyoosha mkono kuchukua mkono wa pili. Meza ilikuwa tupu.

Akatikisa furushi. Akatazama chini ya kiti, nyuma ya mlango, ndani ya mfuko wa pasi. "Mbele, nyuma, mkono..." akaanza kuita, na hapo ndipo aliposikia sauti yake ya siku ile, kama anamsikia mtu mwingine. Akageuka taratibu, akaliangalia beseni.

"Kiraka, baba, hebu pisha."

Alivuta mahameli kutoka chini ya mbwa, akaiinua kwenye mwanga. Ulikuwa mkono wa gauni ulioteleza mezani siku ile ya kukata, wenye bega lake na urefu wake. Na karibu na kiwiko kwenda chini palikuwa na tundu. Lilikuwa na masikio mawili, moja limesimama na jingine limeanguka, mgongo, na mkia. Kupitia tundu hilo alimwona fundi viatu, naye fundi viatu alimwona yeye.

Fundi viatu alitema misumari yote mkononi ili acheke salama. Alicheka hadi akashika nguzo. Kisha akaona uso wa jirani yake, akaacha.

"Kitambaa kingine hakipo?"

"Kililetwa kutoka mbali. Shemeji, nimekwisha. Atanitoa kibarazani."

Fundi viatu akasogea, akashusha sauti. "Sikia. Mbwa si anaondoka kesho? Sema amekitafuna. Atajitetea kwa nani? Yeye kesho yuko ng'ambo ya reli, wewe uko hapa na cherehani yako. Basi."

Ukweli usemwe, neno lile lilimwingia Mama Tone. Lilikuwa jepesi sana. Akamtazama Kiraka, naye Kiraka akapiga mkia wake mara kadhaa kwenye beseni, akidhani ameitwa kwa wema.

Na funguo zikasikika.

"Mwanangu, nimekuja kujaribu!" Bibi Funguo aliingia uso mkunjufu. Akaona gauni mezani. Akaona mkono wenye tundu. Uso ukabadilika. "Nini hiki?" Akauinua mkono ule. Akamtazama mbwa. "Ah! Nilisema! Sikusema? Nilisema mimi! Amenilia gauni langu! Huyu hata kesho asingoje, nitampeleka mwenyewe sasa hivi, kwa miguu yangu hii!"

Mama Tone alifungua mdomo. Alijua anachopaswa kusema. Alikiona kibaraza, akaona mwanga wake na msumari wake ukutani, akaona kuhama tena. Akakawia kidogo tu, muda wa kumeza mate.

"Si Kiraka," sauti ikasema. "Ni mama."

Wote waligeuka. Tone alikuwa amesimama mbele ya beseni, mikono ameitanua kama mlinda mlango. Hakuwa amejificha nyuma ya sketi ya mtu.

"Kumbe anaongea?" Bibi Funguo akasema, hasira ikapotea njia kwa mshangao.

"Ni mimi, bibi," Mama Tone akasema, na sasa maneno yalikuja. "Mtoto amesema kweli. Niliukata mimi kwa mkasi wangu nikidhani ni mabaki. Sikuukunjua, kwa sababu mbwa alikuwa ameulalia, sikutaka kumwamsha."

"Hukutaka kumwamsha," Bibi Funguo akarudia polepole. "Mbwa. Akiwa amelala juu ya gauni langu."

"Ndiyo, bibi."

"Na kipande chenyewe kimekwenda wapi?"

Tone alikuwa ameshakimbia. Alirudi na kitabu, akakiinua juu kwa mikono miwili hadi kikafika usawa wa shada la funguo.

Huku nyuma Mama Tone alikuwa ameuchukua ule mkono na kuulaza mezani, kichwa cha kifundi kimerudi mahali pake. Akapima kwa shubiri. Upande wa bega ulikuwa mzima, haukuwa na hata mkwaruzo, maana ndio upande ambao Kiraka alikuwa ameulalia. Kama asingekuwepo, mkasi ungepita popote. "Bibi," akasema, "hebu vaa. Nikate mikono yote miwili iishie kwenye kiwiko. Naomba uvae tu nikuoneshe. Usipopenda, nitakaa kimya na nitakubali chochote utakachosema."

Bibi Funguo akavaa nyuma ya pazia, akatoka akinung'unika. Mama Tone akaanza kumbana pini: mkono huu, mkono ule, kiuno, pindo zima kuzunguka miguu. Mtu aliyebanwa pini namna ile anakuwa kama mti. Akipumua sana, anachomwa. Na Kiraka, kwa kuwa cherehani ilikuwa imenyamaza na usingizi umekatika, alitoka kwenye beseni, akajinyoosha, akaja akamnusa Bibi Funguo kandambili ya njano, akaitambua, akajilaza juu yake. Pamoja na mguu.

"Mwondoe! Mwondoe huyu!"

"Bibi, usisogee. Pini zitakuchoma."

"Mtoto, mwite mbwa wako!"

Tone akafikiri. "Nikimwita ataamka," akasema. Kisha, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, akafungua kitabu usawa wa kiuno, mahali ambapo Bibi Funguo angeweza kuona na kugusa bila kuinama. "Tulia, nitakusimulia. Hapa ni mlango. Huyu ni mtoto. Hana mtu, ana kifungo. Hapa ni mvua. Hapa mbwa anakuja, anaona huyu mtoto hana mtu, na yeye pia hana mtu. Akaingia kwenye beseni. Shika, si mgongo wake laini? Hilo ni gauni lako. Hapa ana kandambili. Hakuitafuna, aliipenda."

Bibi Funguo alikuwa anatazama, hakuwa na la kufanya. "Na huyu mwenye vyuma kiunoni ni nani?"

"Ni wewe."

"Mbona mdomo umeanguka hivyo?"

"Ulikuwa umekasirika siku hiyo."

Fundi viatu aliinamia kiatu akakigonga kwa nguvu, na kiatu hakikuwa na msumari.

Kiraka alikoroma, ingawa cherehani ilikuwa kimya. "Mguu huu," Bibi Funguo akasema baadaye, si kwa mtu yeyote hasa, "una baridi tangu baba wa watoto wangu afariki. Nimeupaka kila dawa." Akautazama mgongo wa kahawia unaopanda na kushuka. "Ni mzito kumbe, kiumbe huyu. Uzito wake si mbaya." Kisha akamwambia Tone, "Haya, fungua. Unaofuata."

"Unaofuata hauna kitu."

"Kwa nini?"

"Mama alishindwa. Hajui kesho itakuwaje."

Mama Tone alikuwa amepiga magoti penye pindo, pini mdomoni, na hakuthubutu kuinua macho. Alisikia funguo zikilia kidogo, kama mtu anayetaka kugeuka na hawezi.

"Leteni kioo," Bibi Funguo akasema. Kikaletwa. Akajitazama upande, akajitazama upande wa pili. Mikono ya kuishia kiwikoni ilimfanya aonekane mwepesi. Alikuwa na mikono mizuri, na hakuna aliyekuwa ameiona kwa miaka. Akaikunja, akaikunjua. Hakusema kitu kuhusu mbwa. Alisema tu, "Kamalizie. Na ukimaliza, ulipige pasi vizuri, lisinuke."

Jumamosi asubuhi mlinzi wa kiwanda cha mbao alikuja na kamba mkononi. Tone alikuwa ameshamkumbatia Kiraka ngazini, na Mama Tone alisimama nyuma yao, mkono wake juu ya kichwa cha mtoto. Funguo zikasikika kutoka uani, mbiombio. Bibi Funguo alitokea akiwa ndani ya gauni la mahameli tangu alfajiri, ingawa mgeni wake alitarajiwa mchana.

"Shikamoo, mama," akasema mlinzi. "Nimekuja kumchukua yule mbwa."

"Marahaba. Mbwa gani?"

"Yule uliyesema hana mwenyewe."

"Ah, huyo hayupo," akasema Bibi Funguo bila kupepesa macho. "Hapa kuna wa mtoto tu. Huyu ana mwenyewe. Ungekuja mapema, baba, ungeniokolea maneno mengi."

Mlinzi alikuwa hajafika hata njia panda wakati Tone alipomwachia mbwa, akamkimbilia yule bibi, akamkumbatia magoti. "Taratibu, utanikunjia gauni!" Bibi Funguo alisema. "Na mnisikilize wote wawili, la, wote watatu. Ndani haingii. Uwanjani hachimbi. Kandambili zangu zinawekwa juu." Akashusha sauti. "Ila jioni, nikikaa mlangoni, anaweza kupita kidogo. Kwa ajili ya mguu."

Dada mkubwa alikuja. Alimkagua mdogo wake kuanzia kichwani, akashuka, akafika kwenye viwiko, akasimama hapo. Alinyamaza muda mrefu, na habari za kunyamaza kule Bibi Funguo alikuja kuisimulia nyumba nzima kwa wiki nzima. Mwisho dada akauliza, "Nani fundi wako?" Jumatatu yake alikuwa kwenye kibaraza na kitambaa chake, anataka mikono ya namna hiyohiyo.

Kitabu kilipata umaarufu wake. Mtoto mmoja wa uani alitaka kumpapasa mbwa wa mahameli, akaja na mdogo wake, mdogo wake akaja na wenzake. Tone alikaa ngazini na Kiraka miguuni, watoto wamemzunguka, akiwasimulia ukurasa kwa ukurasa. Akifika kwa bibi mwenye funguo alikunja uso na kuikoroga sauti hadi watoto wakaanguka kwa kicheko, na Bibi Funguo mwenyewe, dirishani, akauma mtandio asisikike. Baba Tone aliporudi na lori lake alisimama njiani akawaangalia, akamuuliza mkewe, "Huyu anayepiga kelele ni wa nani?"

"Wako," akasema Mama Tone. "Na wa mbwa."

Alikuwa anakata suruali ya dereva mwenzake na mumewe. Alipomaliza akavikusanya vipande. "Mbele, mbele, nyuma, nyuma," akaita, na kutoka ngazini Tone akaitikia bila kugeuka, "kiuno, mfuko, mfuko!" Tangu gauni lile walikuwa wanaita wawili. Halafu Mama Tone huinama, akatazama hata ndani ya beseni.

Ilibaki ukurasa wa mwisho. Bibi Funguo ndiye aliyeleta kitambaa chake, ncha ya njano iliyobaki kwenye pazia la mlango wake, akasimama huku fundi akishona, akitoa maelekezo mengi kuliko wateja wote waliowahi kukanyaga pale. Mlango uwe mkubwa. Mtoto awe kati. Mbwa alale juu ya mguu, lakini mguu uonekane. Na mdomo wa huyu bibi, safari hii, ugeuzwe.

"Na ule mdomo wa ukurasa wa nyuma ungeufumua," akamwambia Tone. "Tuutengeneze."

"Hapana, bibi," Tone akasema. "Siku ile ulikuwa umekasirika kweli."

Bibi Funguo akafikiri, akakubali shingo upande. Kisha akainama karibu kabisa na sikio la Mama Tone.

"Basi angalau kiuno, mwanangu," akanong'ona. "Hapo kwenye kiuno, punguza kidogo."